Tajiri Aliyepumzisha Macho

Jina alikuwa nalo, tena zuri, lakini pale mwaloni kwetu, wanapofikia wavuvi, hakuna aliyelitumia. Tulimwita Tajiri. Ziwani neno hilo halimaanishi mtu mwenye majumba. Ni mwenye mtumbwi, mwenye nyavu na taa, yule anayewatuma wengine wakavue dagaa, yeye akabaki nchi kavu kuwasubiri. Matajiri wengi wa kijiji chetu, nje kidogo ya Musoma, ni wanaume. Yeye alikuwa mwanamke, mjane, mfupi, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe walio mbali, na akitokea amejifunga kanga kiunoni hata matajiri wanaume walipunguza maneno. Cherehani yangu ilikaa kwenye kibaraza kilichotazamana na mlango wake, kwa hiyo habari zake sikuhitaji kuletewa na mtu. Nilimwona akigombana, nilimwona akisali, na magauni yake yote niliyashona mimi, yakiwemo yale ya mwisho ambayo hakuwahi kujua ni ya rangi gani.

Nianze na jicho lake, maana ndilo lililompa heshima.

Asubuhi mitumbwi ikirudi, dagaa humwagwa kwenye vichanja na wanawake huwatandaza wakauke. Tajiri alikuwa akipita kati ya vichanja mikono iko nyuma, hainami, hashiki kitu. Anakwambia hawa wamelala majini wakafa mapema, hawa wamechanganywa na furu wadogo, hawa wa jirani wamerukia kwangu rudisha. Tulimbishia mwanzoni. Baadaye tukachoka kubisha kwa sababu kila tukichambua tunakuta ni vile vile alivyosema.

Siku moja nilimsindikiza mnadani Bunda, mimi nikifuata vitambaa, yeye akifuata mahindi na kusikia bei ya dagaa. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amepanga magunia yake ukutani anasifia dagaa wa Musoma, halisi, safi. Tajiri akasimama mbali, upande wa pili wa njia, mdomoni ana muwa.

"Lile la kona lina mchanga," akasema.

Yule bwana akaapa kwa Mungu, kwa mama yake na kwa marehemu baba yake. Watu wakakusanyika. Gunia likamwagwa, na mchanga ukaonekana chini, wa kutosha kusiriba ukuta. Nilidhani Tajiri angecheka. Hakucheka. Alimwambia yule bwana, "Sasa hivi watu wamekujua, utauza kwa nani? Beba hayo mengine uje kwangu Musoma, nitakuonyesha watu wa kununua dagaa safi kwao." Na kweli yule bwana alikuja, akala ugali kwake, na akaendelea kuja kwa miaka. Nilipomuuliza alijuaje mchanga umo, akanishangaa. Gunia lenye mchanga linakaa vibaya, alisema, kwani wewe hulioni?

Mimi silioni hadi leo.

Kitu cha pili ni funguo. Nyumbani kwake kulikuwa na chumba kimoja kisicho na dirisha, na humo kila kitu cha kazi kilirudi: nyavu, taa, betri za taa, makasia, hadi yale makopo ya kukombea maji mtumbwini. Betri na balbu ziliingia kwenye sanduku la mbao lenye kufuli lake, na chumba nacho kikawa na kufuli lake, na funguo zote zikaning'inia kwenye kamba kiunoni mwake, chini ya kanga. Wavuvi wake walilalamika. Wa matajiri wengine waliachiwa taa wakaenda nazo makwao, wakapigia soga kwenye mwanga wa bure. Wa kwake walikuja kupanga foleni mlangoni kila jioni ya kazi.

"Mkiachiwa mnachajia simu," aliwaambia. "Mnachajia redio. Halafu betri ikifa mnaniletea mimi maiti."

Alikuwa mkali kwao kupita kiasi, na siwezi kumtetea. Aliwahi kumfukuza mvuvi kwa kupoteza kopo. Lakini huyo huyo, mtumbwi ukirudi, kabla mnunuzi hajakaribia, alikuwa ameshateka beseni la dagaa la vibibi wa pale kijijini wasio na mtu, na ole wako uliguse. Ukimsifu kwa hilo anakununia. Alisema vibibi wale wanamsumbua, ndiyo maana anawapa ili wanyamaze, ingawa hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumwomba.

Na kitu cha tatu ni mwezi. Hapa ndipo kila kitu kilipoharibikia, kwa hiyo nieleze vizuri kwa asiyejua maisha ya mwaloni.

Dagaa huvuliwa kwa taa. Mwezi ukiwa haupo, ziwa likiwa jeusi, taa inawaita wanakuja. Mwezi ukiwa mkubwa mwanga umetapakaa kote na dagaa hawana haja ya taa yako. Kwa hiyo sisi tuna siku za giza, ambazo ni za kazi, na siku za mbalamwezi, ambazo mitumbwi inavutwa mchangani na mwalo mzima unapumzika. Ndoa zetu tunazipanga mbalamwezi. Safari tunakwenda mbalamwezi. Hata mimi ambaye sivui, suruali za wanaume nilikuwa nazipima mbalamwezi, maana siku za giza mwanaume wa kwetu mchana amelala.

Tajiri alizidi. Kwake mbalamwezi ikiingia kila kitu lazima kipumzike, kiwe kimechoka au hakikuchoka. Nyavu zilitundikwa. Betri zilifungiwa, kwa sababu fundi mmoja alimwambia betri ikichajiwa bila kupumzishwa inakufa, na neno hilo alilishika kama amri ya kanisani. Jiko kubwa halikuwashwa, alipikia dogo. Hata ugomvi aliupumzisha. Niliwahi kumfuata siku ya mbalamwezi nimevimba kwa hasira, mbuzi wake amekula kitambaa cha mteja wangu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia kwa upole kabisa, "Mama Rehema, hilo tutagombana giza likianza." Nilicheka bila kupenda. Na giza lilipoanza alikuja kweli kibarazani, akaketi, akasema haya sema.

Nampenda mtu wa namna hiyo. Nasema nampenda, sisemi nilimpenda.

Ugonjwa wake ulianza kwa watu kusema ana kiburi.

Mzee wa kanisa letu ndiye aliyekuwa wa kwanza kulalamika. Alimsalimia Tajiri njiani, Tajiri akapita. Akadhani hakusikia. Kesho yake akamsalimia tena kwa karibu zaidi, Tajiri akapita shingo imenyooka. Ikawa maneno. Kwamba tangu anunue mtumbwi wa pili hasalimii watu. Wanawake wa vichanjani nao wakaongeza yao: anatukanyagia dagaa makusudi, anapiga teke mabeseni yetu. Yeye akijibu kwa matusi, maana matusi alikuwa nayo ya kutosha, na hakuna aliyejiuliza kwa nini mabeseni yote yanayopigwa teke yako upande wa kushoto.

Nilikuja kutambua siku aliyokuja kupimwa gauni. Nilimwekea kikombe cha chai mezani, mkono wake wa kushoto. Akakaa. Akanisubiri. Mwisho akaniuliza kama chai imeisha nyumbani kwangu au nimeamua kumnyima.

"Si hiyo hapo?"

Akageuza kichwa chote, shingo na mabega, ndipo akaiona. Tukatazamana. Nikamwambia afumbe jicho la kulia. Alifumba. Akaniambia anaona kama anachungulia kwenye tundu la funguo, na humo tunduni kuna moshi.

Kliniki ya macho ya mjini tulikwenda mbalamwezi. Isingewezekana siku nyingine. Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, amevaa viatu vya raba. Alimpima kwa mashine, akamwangalia ndani ya macho kwa taa, akamkalisha mbele yake wakakaribiana magoti. Akamfunika jicho moja kwa kiganja.

"Mama, angalia pua yangu, usiangalie pengine. Mkono wangu huu utakuwa pembeni. Ukikiona kidole kinacheza, niambie."

"Sawa."

"Sasa?"

"Nakiona."

"Na sasa?"

"Nakiona vizuri."

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya Tajiri. Daktari mkono wake ulikuwa umelala mapajani. Hakuna kidole kilichoinuliwa. Tajiri alikuwa kama yuko mnadani, anapigania bei yake, na kwake kukiri kwamba hujaona ni kushindwa. Yule binti hakumwaibisha. Alimshika mkono tu, akamwambia, "Mama, hapa hakuna mtihani. Ukinidanganya unajidanganya wewe."

Kisha akatueleza. Alisema ni presha ya macho. Nyuma ya jicho kuna mshipa wa fahamu, una nyuzi nyembamba sana, nyingi kuliko za kamba yoyote, ndizo zinazobeba picha kuipeleka kwenye ubongo. Maji ya ndani ya jicho yakikosa pa kutokea yanausukuma ule mshipa, na zile nyuzi zinakufa moja moja, zikianzia zile za pembeni. Haziumi zikifa. Na zikifa hazioti tena, ni jamii moja na za ubongo. Jicho la kushoto lilikuwa limebaki kidogo sana. La kulia bado lilikuwa na nyuzi nyingi.

"Mbona kuna mama wa Bunda, mkulima wa pamba," Tajiri akasema, "walimtoa utando, kesho yake akawa anaona hadi wadudu kwenye pamba?"

"Huyo alikuwa na mtoto wa jicho, mama. Yako ni mengine. Hii dawa nakupa hairudishi kilichokufa. Inalinda kilichobaki. Tone moja kila jicho, kila jioni, maisha yako yote. Hutasikia tofauti yoyote, na ndiyo maana watu wanaiacha. Wewe usiiache. Na watoto wako waje niwapime, huu huwa unatembea kwenye damu."

Alikuwa na mtoto mmoja aliyebaki, Masatu, nahodha wa mtumbwi wake mmoja. Tulirudi na kichupa kidogo kisichojaa hata kiganja.

Jioni ile nilimwekea mimi tone la kwanza, akafumba macho likadondokea shavuni, akanitukana, tukarudia. Baada ya siku chache alijua mwenyewe. Alinyoosha shingo, akavuta kope, akaweka, akakaa kimya kidogo amefumba. Nikasema moyoni, amepona. Najua hakupona. Nataka kusema nilitulia.

Mwezi ulikua, mitumbwi ikavutwa mchangani. Jioni moja nikaenda kumtembelea, nikamkuta anachambua maharage mlangoni. Nikamuuliza ameshaweka dawa.

"Mbalamwezi hii?"

"Mbalamwezi imefanya nini?"

"Nimeifungia," akasema, "pamoja na betri."

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Dawa ilikuwa kwenye sanduku la mbao, kati ya betri na balbu, chini ya kufuli mbili. Kwake ilikuwa kifaa cha kazi. Giza likianza anakitoa, maana alfajiri anahitaji macho ya kupokelea mtumbwi. Mbalamwezi ikiingia kazi imekwisha, macho nayo yapumzike.

"Ukilikamua jicho kila siku kwa dawa linachoka," aliniambia. "Mimi vitu vyangu huwaga navipumzisha, ndiyo maana vinadumu. Nionyeshe betri yangu moja iliyokufa."

Nilimweleza yale ya mshipa. Nilimweleza kwamba maji ndani ya jicho hayajui mwezi. Nilipandisha sauti. Akanisikiliza kwa upole wake ule wa siku za mbalamwezi, na nikajua kabisa atakachosema kabla hajasema. Hilo tutagombana giza likianza. Giza lilipoanza alikuwa anaweka dawa kila jioni mbele ya macho yangu, sasa ugomvi uko wapi?

Hapo ndipo ubaya ulipojificha. Siku za kliniki zilikuwa siku za mbalamwezi, kwa sababu ndizo za safari. Kwa hiyo kila alipopimwa alikuwa ameshaacha dawa siku kadhaa, na kila mara presha ilikuwa juu. Daktari akamuuliza unaweka, akajibu naweka. Akaongezewa kichupa cha pili. Nacho kikaingia sandukuni. Akarudi nyumbani anasema dawa za siku hizi hazina nguvu. Na jicho la kulia likaanza kuliwa pembeni, kidogo kidogo, mwezi hadi mwezi, kila mbalamwezi ikiondoka na sehemu yake.

Safari moja niliacha kazi za watu nikamfuata tena kliniki. Aliposema naweka kila siku, nikasema mbele ya daktari, haweki. Nikaeleza yote, sanduku, betri, mwezi. Yule binti aliacha kuandika. Hakukasirika, na ningefurahi kama angekasirika. Alimtazama Tajiri kwa muda, akamwambia taratibu kwamba angeelezwa haya mapema wangezungumza mambo mengine.

Njia nzima Tajiri hakunisemesha. Tuliposhuka ndipo akasema, bila kunigeukia, "Umenivua nguo mbele ya mtoto." Siku zilipita mlango wake umefungwa. Wavuvi wakaanza kuja kuchukua taa, nikajua giza limeanza, na jioni hiyo akaja kibarazani akipapasa nguzo. Akaketi.

"Haya," akasema. "Giza limeanza. Tugombane."

Nilikuwa nimeyapanga maneno. Yote yakanipotea. Alikuwa ameketi amenielekezea uso lakini ananitazama juu kidogo ya kichwa.

"Mimi nilikuwaga nayapumzisha, Mama Rehema," akasema. "Nilikuwa nayatunza."

Alilia. Mimi pia nililia, juu ya kitambaa cha mtu. Tangu siku ile hakukosa tone hata moja, giza wala mbalamwezi, lakini nyuzi zilizobaki kulindwa zilikuwa chache mno, na mshipa uliokwisha kusukumwa vile haukuhimili. Daktari alituambia ukweli huo. Alisema inatokea. Jicho la kulia lilikuwa na tundu, tundu likawa dogo, na siku moja asubuhi Tajiri aliuliza kwa nini leo kunachelewa kupambazuka, na jua lilikuwa limefika juu ya vichanja.

Miezi yake ya mwisho mwaloni sipendi kuikumbuka. Alijaribu kufanya kazi kwa mikono. Alichota dagaa, akawasugua vidoleni, akawanusa, na mara nyingi alipatia. Lakini watu ni watu. Wale aliowafukuza na kuwatukana wakapata zamu yao. Walimwitikia kisha wakahama, akabaki akisema na hewa, walimpa magunia mepesi wakamwambia yamejaa. Mtu akitia mchanga, wenzake walikuwa wanafumba midomo wasicheke. Tajiri akitia mkono gunia lile alisimama kidogo, akaufuta mkono kwenye kanga, akapita. Alijua. Nilitamani angetukana kama zamani.

Vibibi wa beseni walikuja kumtembelea mmoja mmoja. Yule mzee wa kanisa naye alikuja, akamwomba radhi kwa yale maneno ya kiburi, na Tajiri akamwambia hapana, kiburi kilikuwepo pia.

Mdogo wake wa kike alikuja kumchukua akampeleka kwake Butiama. Chumba cha taa kikabaki chini ya Masatu, lakini funguo aliondoka nazo kiunoni. Masatu alikata kufuli kwa msumeno.

Huyu Masatu alikuwa amepimwa. Mama yake alimkokota mwenyewe kliniki wakati bado anaona tundu, na daktari alikuta ugonjwa umeshaanza kwake, ila ni mapema, pembeni kabisa. Akasema huyu tunaweza kumwokoa, ana nyuzi zake karibu zote. Sijawahi kumwona Tajiri na furaha ile. Alinunua soda kwa kila mtu aliyekuwa kwenye benchi, na yeye si mtu wa kununua soda.

Nilikwenda Butiama juzi, nimebeba sare za kwaya ya huko. Gari lilituacha Kiabakari, nikapata jingine, na mchana nikawa nimefika kwa mdogo wake Tajiri. Ilikuwa mbalamwezi, kwa hiyo sikushangaa kumkuta Masatu. Kila mbalamwezi huwa anakwenda kumwona mama yake. Tajiri alikuwa ameketi uani kwenye kiti cha kamba, amepungua, kanga imemzunguka mara nyingi. Alinitambua kwa hatua.

"Mama Rehema, bado unavutaga mguu huo?"

Tulicheka. Nikala. Akanieleza habari za pale, ng'ombe wa mdogo wake, uchovu wa kukaa na watu wasiojua dagaa. Halafu akavuta sanduku dogo la bati lililokuwa miguuni pake, akafungua kufuli kwa kupapasa, akatoa kichupa.

"Hii ya Masatu ya huku," akasema. "Akijaga namwekea mimi mwenyewe. Simwamini. Ile nyingine anayo kule Musoma, anaweka siku za giza."

Masatu alikuwa amesimama karibu na zizi, anaangalia simu.

"Kule unaionaga, Mama Rehema? Chupa yake."

Mimi na Masatu tunakaa mlango kwa mlango. Nimeingia chumba chake, nimeona rafu, nimeona chini ya kitanda nikisaidia kufagia, chupa sikuiona. Nilifungua mdomo. Masatu akaniangalia, akatikisa kichwa polepole, ananiomba. Nikawa kimya, na mbele ya mtu asiyeona kimya kina sauti kubwa sana.

"Masatu," akaita. "Njoo ukae hapa."

Akaja, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, magoti yao yakakaribiana. Tajiri akaupapasa uso wake, paji, pua, akalifunika jicho moja kwa kiganja cha kushoto.

"Angalia pua yangu. Usiangalie pengine. Mkono wangu uko pembeni. Ukiona kidole kinacheza, niambie."

"Mama, mbele ya mgeni?"

"Sasa?"

Mkono wake wa kulia ulikuwa mapajani, chini ya kanga, umeshika funguo zile za kufuli zilizokwisha kukatwa.

"Nakiona, mama," Masatu akasema.

"Na sasa?"

"Nakiona vizuri kabisa."

Tajiri aliendelea kumshika vile, kiganja juu ya jicho, hadi Masatu akaanza kujisogeza. Nilitaka kuondoka pale nisione. Kisha akamwinamisha kichwa nyuma, akavuta kope kwa kidole gumba, akaweka tone. Likadondokea shavuni. Akafuta kwa kanga, akapapasa tena, akaweka, likaingia. Akafanya na jicho la pili.

"Gari la Musoma la leo lipo?" akaniuliza.

"La jioni lipo."

"Nifungie nguo zangu."

"Mama," Masatu akasema, amefumba macho, dawa inamtiririka, "utakwenda kufanya nini kule? Huoni."

"Jicho lako silioni. Nalishika."

Akakiziba kile kichupa, akatafuta sanduku kwa mguu, akalisukuma pembeni. Kichupa akakitia kifuani. Akaniambia nimtafutie viatu vyake.